Nataka Ku—

Jumapili ile, saa kumi na mbili jioni,
Corwin alipiga kutoka Alaska,
kutoka gati wanakopakulia kaa.
Akasema, "Baba, nataka ku—"
halafu kimya,
halafu tii, tii, tii.

Tangu hapo karavani yetu ikawa na mgeni,
neno moja lisilo na mkia.
Arlette, akimenya viazi: kuoa.
Mimi, nikihesabu risiti za petroli: kukopa.
Taa zikizimwa kila mmoja alikuwa na lake
ambalo hakulitaja.
Kurudi. Kuacha. Kuugua.
Mambo yote ya dunia hupita mlango huo mmoja.

Jumatatu nikazunguka na simu mkononi
kama mtu anayenusa gesi inayovuja.
Bafuni, hamna. Kitandani, hamna.
Dirisha la sinki, kijiti kimoja,
mradi usipumue.
"Unaishi ndani ya sufuria," alisema Orville Quist
wa karavani ya njano, miaka thelathini na moja
fundi wa redio za reli.
"Alumini pande zote na mfuniko juu.
Sauti ya mwanao inafika, inabisha hodi,
inakwenda zake."

Tukakifuata kikuza mawimbi Winnemucca,
kilomita mia na arobaini za vichaka vya kijivu.
Bei siitaji. Arlette anaijua, yatosha.
Orville akakipindua, akakipuliza vumbi
ambalo bado hakikuwa nalo.
"Usidhani ni mganga. Hakizai mtandao.
Hukuza kile kidogo kilichopo.
Ukikipa sifuri, kitakurudishia sifuri iliyonona."

Basi nikapanda paani, miaka sitini na tisa,
goti la kulia likinung'unika kila kipago.
Mlingoti wetu: mti wa kupakia rangi,
ule unaorefuka, umefungwa vibano vya mpira wa maji.
Orville chini na dira, akinielekezea mnara
uliojificha nyuma ya kilima chenye mgodi wa zamani:
"Kushoto. Unywele mmoja. Umepitiliza!"
Arlette ndani akisoma namba kwa sauti:
hasi mia na kumi na tano. Hasi mia na nane.
"Inapanda au inashuka?" nikapaza.
"Inapungua!" "Ikipungua ndiyo inapanda!"
"Basi ungesema!"
Tuligombana hivyo mpaka kivuli cha mlingoti
kikafika kwa majirani.

Kisha taa nyekundu.
Antena ya nje na ya ndani zimekaribiana mno,
Orville akaeleza, zinasikilizana zenyewe,
zinapigiana kelele, mnara zimeusahau.
"Zitenganishe," akasema. "Zikisikiana zenyewe tu
hazitamsikia mwingine yeyote."
Nikamtazama Arlette.
Arlette akatazama pazia.

Ya ndani tukaihamishia mwisho kabisa, upande wa kitanda.
Inafanya kazi vizuri,
ila sharti ukae umeegemeza kichwa kwenye kabati la nguo.

Jumapili, saa kumi na mbili, vijiti vitatu.
"Wiki iliyopita ulitaka ku nini?" nikamuuliza
hata kabla ya salamu.
Akanyamaza.
Haukuwa mtandao; nilisikia ndege wa pwani,
nilisikia mnyororo ukiburutwa kwenye mbao.
"Kujua," akasema,
"mama anatia nini kwenye yale maharagwe."

Arlette akanipokonya simu.
Haradali, kijiko kimoja. Mafuta ya nguruwe.
Kitunguu usikikate, kitumbukize kizima.
Dakika arobaini, kicha chake kabatini,
akicheka kama mtu aliyelipwa deni.

Usiku upepo uliinuka
nikapanda tena na tochi kukaza vibano.
Taa ya mnara siioni kutoka hapa, kilima kimeiziba.
Nilikaa juu ya bati lililoanza kupoa,
nikiwaza ule ukimya wake,
mrefu kuliko maharagwe,
ulionifikia mzima, bila mkwaruzo hata mmoja.